Somo Letu: Bata Mzinga wa Porini na Wawindaji Wake

Safari hii tunaomba mtuvumilie, maana somo letu linatupeleka mbali, mpaka Missouri, jimbo lililo katikati ya nchi ya Marekani. Tunataka kujifunza habari za ndege ambaye wengi wetu tunamjua kwa kumwona uani kwa watu tu, akijitunisha na kuwatisha watoto. Huko kwao ni ndege wa porini, tena mwerevu kupita tunavyodhani.

Sisi, mtu na mke wake, sote walimu wastaafu, tulikwenda huko mwaka 2019 kumtazama binti yetu aliyeolewa na kumpakata mjukuu wetu. Baba wa mume wa binti yetu, yaani mkwe wetu, ni mfugaji wa ng'ombe katika vilima vya Ozark, mzee wa maneno machache, naye ni mwindaji wa bata mzinga tangu ujana wake. Msimu wa kuwinda mwaka ule ulifunguliwa Jumatatu tarehe 15 Aprili, nayo ilikuwa Jumatatu ya Juma Takatifu. Mkwe hakwenda. Alisema ndege watamngoja mpaka Pasaka ipite. Basi Jumanne tarehe 23 Aprili akatugongea mlango saa kumi na robo alfajiri, akatuambia tuvae.

Kabla hatujaingia msituni, kwanza tumfahamu ndege mwenyewe. Sisi Waswahili tunamwita bata, lakini si bata hata kidogo. Ni wa ukoo mmoja na kuku, kwale na kanga. Waingereza nao walikosea vilevile. Zamani kanga wa Afrika walifika Ulaya kwa njia ya wafanyabiashara wa nchi za Waturuki, wakaitwa ndege wa Kituruki. Wahispania walipoleta bata mzinga kutoka Mexico miaka ya 1500, ambako wenyeji walikuwa wamekwisha kumfuga siku nyingi, watu wakamchanganya na kanga, na jina la Uturuki likamganda mpaka leo. Hata wataalamu walipompa jina la kitaalamu walimwita Meleagris, na neno hilo kwa Kigiriki ni kanga. Kwa hiyo ndege wa Marekani anatembea na jina la ndege wetu. Tulipomweleza mkwe habari hii alicheka sana, jambo ambalo si la kawaida kwake.

Dume lililokomaa huwa na uzito wa kilo 7 mpaka 11. Jike ni nusu ya hapo au chini yake. Manyoya ya dume yanang'aa kama shaba jua likiyapiga. Kichwa chake hakina manyoya, na rangi yake hugeuka kwa jinsi anavyojisikia: nyekundu, nyeupe, samawati. Tafadhali zishikeni rangi hizi tatu, maana tutazirudia. Kifuani ana kitu kama ndevu, na miguuni ana kipi kama cha jogoo. Usiku hulala juu ya mti mrefu. Pua yake haimsaidii sana, lakini macho na masikio! Mkwe alisema kwamba bata mzinga angekuwa na pua kama ya swala, hakuna ambaye angewahi kumla.

Sasa, kwa nini anawindwa katika majira ya kuchipua, wakati theluji imekwisha na miti inaanza kutoa majani? Ni kwa sababu huu ndio wakati wa kupandana. Dume hukaa juu ya mti kabla ya jua kutoka akipiga mlio mkubwa wa gobo-gobo-gobo, unaosikika zaidi ya kilometa moja asubuhi tulivu. Majike husikia, nao humwendea. Angalieni hapo: kwa desturi yao jike ndiye amwendeaye dume. Mwindaji huketi chini, akaiga sauti ya jike, akimtaka dume aje kwake. Yaani anataka kuigeuza desturi ya ndege juu chini. Ndiyo maana kazi hii ni ngumu, na ndiyo maana watu wazima wenye akili zao huamka saa kumi usiku mwaka baada ya mwaka, wakarudi mikono mitupu na bado wakasimulia kwa furaha.

Vyombo vya kuitia ni vingi. Kimoja ni kisanduku cha mbao chenye kifuniko cha kukwaruza. Kingine huwekwa kinywani, nacho ni kipande cha mpira juu ya ulimi. Sisi tulipenda zaidi kile kibao cha jiwe kinachokwaruzwa kwa kijiti, kwa kuwa jiwe lenyewe ni la aina ileile waliyoandikia wazee wetu shuleni. Mmoja wetu aliomba kujaribu jikoni jioni ile. Alitoa sauti ambayo binti yetu alidhani ni mlango wa gari.

Sheria ya uwindaji huu ni kali, na mkwe alitusomea yote kama mwalimu wa zamu. Ni dume tu, au ndege mwenye ndevu zinazoonekana (maana majike wachache nao huota ndevu). Ndege mmoja kwa siku, na wawili kwa msimu wote. Kuwinda kuliruhusiwa kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza, na mwaka ule mwisho ulikuwa saa saba mchana. Hairuhusiwi kumwaga nafaka ili kuwavuta. Hata mahali palipomwagwa nafaka ikaondolewa yote, pamekatazwa mpaka siku kumi zipite. Tena aliyezaliwa tangu tarehe 1 Januari 1967 kwa kawaida hapati kibali cha bunduki mpaka ahudhurie mafunzo na kufaulu. Usiku ule alitukagua nguo, kama tulivyokuwa tukikagua kucha za watoto mstarini. Hakuna kuvaa nyekundu, wala nyeupe, wala samawati. Mnakumbuka kwa nini.

Tulitembea gizani bila taa mpaka kwenye mwaloni mmoja, shina lake pana kuliko mgongo wa mtu. Hii nayo ni kanuni: keti ukiegemea mti mpana kuliko wewe, ili mwindaji mwingine akitokea nyuma na kukosea, mti ukukinge. Tukaketi watatu, mkwe katikati. Mahali fulani bondeni bundi akalia. Kwetu Ugogoni bundi akilia karibu na nyumba, watu hunyamaza na kuanza kuhesabu wagonjwa. Kumbe huko mwindaji humwiga bundi kwa makusudi, kwa sababu dume la bata mzinga likisikia sauti kali ya ghafula haliwezi kujizuia, hujibu, na hapo linajitangaza lilipo. Mkwe akaweka mikono mdomoni, akalia kama bundi. Mara gobo-gobo-gobo! kutoka kilimani kushoto. Tulisikia mlio ule mpaka kwenye mbavu.

Mkwe akakwaruza kibao mara tatu, taratibu, kisha akanyamaza. Dume likajibu. Kulipopambazuka tulisikia mabawa yake likishuka mtini. Halafu kimya. Dakika kumi, ishirini. Kisha tukasikia sauti ya jike, chini upande wa kushoto kwenye vichaka, ikija polepole. Tulifurahi, tukidhani jike litaleta dume nyuma yake. Mmoja wetu, na hatutasema ni nani, alikuwa na mafua tangu Jumamosi Kuu. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa leso ili apenge kamasi. Leso ilikuwa nyeupe.

Mkwe aliushika mkono ule, akaukandamiza juu ya majani, leso ikafunikwa. Hakupunga mkono wala kuinuka. Alisema kwa sauti kubwa na ya wazi, bila kutikisika, "Hapa tuko watu watatu, chini ya mti!"

Sauti ya jike ilikatika. Akasimama kijana wa miaka kama ishirini, hatua arobaini kutoka tulipoketi, bunduki mikononi, uso hauna damu. Alikuwa amelifuata lile dume kutoka shamba la jirani, akavuka waya bila ruhusa, na ile sauti ya jike tuliyoifurahia ilikuwa yake. Alisema aliona kitu cheupe kikitikisika chini, urefu wa kichwa cha ndege, na alikuwa amekwisha kuinua bunduki.

Tulitazamia mkwe amkaripie. Sisi tungemkaripia, tumefundisha miaka mingi na tunajua jinsi ya kumkaripia kijana. Yeye alimwambia aweke bunduki chini na atoe risasi, kisha akammiminia kahawa kwenye kifuniko cha chupa. Akamwuliza baba yake hajambo. Kijana alikunywa mikono ikitetemeka, akaomba radhi mara nyingi, akaenda zake kwa njia ya barabara.

Ndipo mkwe akatuambia jambo ambalo binti yetu mwenyewe hakulijua. Mwaka 1974, yeye akiwa kijana, alikuwa akiwinda na mdogo wake katika kilima hicho hicho. Waliachana ili kila mtu akae upande wake. Yeye alisikia dume likilia, akalinyatia badala ya kungoja, akaona chekundu kikisogea kichakani, akapiga. Ilikuwa kola ya shati la mdogo wake. Hakufa, lakini jicho la kushoto lilipotea. Huyo ndugu tulikuwa tumemwona siku mbili kabla, Jumapili ya Pasaka, ameketi benchi moja na mkwe, wakishika kitabu kimoja cha nyimbo. Tulidhani jicho lile ni la ugonjwa.

"Sikurudi msituni miaka minne," alituambia. "Yeye ndiye alinirudisha. Alinijia mlangoni asubuhi moja na bunduki yangu mkononi." Tangu hapo hapigi mpaka amwone ndege mzima, ndevu na miguu, na amejua kilicho nyuma yake. Na kila mwaka huketi na vijana katika yale mafunzo ya wawindaji, akawasimulia habari za kola nyekundu, na mdogo wake huja naye.

Habari hii imetushika muda mrefu, lakini ndiyo iliyotufanya tuandike somo hili. Tuendelee.

Mkwe alipokuwa mtoto, ndege hawa walikuwa karibu kwisha. Wazungu wa kwanza waliwakuta kwa wingi mno, wakawapiga bila kipimo, mwaka mzima, dume na jike, wakawauza sokoni; misitu nayo ikakatwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa njiwa wa Marekani waliokuwa wakifunika anga kwa wingi wao. Wa mwisho wao alikufa kizimbani katika mji wa Cincinnati mwaka 1914. Bata mzinga alikuwa anafuata njia ileile. Mwaka 1952 katika jimbo lote la Missouri walikadiriwa kubaki ndege wasiofika 2,500.

Watu walijaribu kwanza kuwafuga vifaranga mabandani na kuwaachia porini. Walikufa. Kifaranga aliyelelewa na mtu hajui mwewe ni nini, hajui kulala mtini, hana mama wa kumwonya. Walimu wenzetu watatuelewa tukisema kwamba jambo hili halikutushangaza. Njia iliyofaa ilikuwa kuwakamata ndege wa porini wenyewe mahali waliposalia na kuwahamishia kwenye misitu mingine. Lakini utamkamataje ndege mwenye macho kama yale? Mwaka 1951 huko South Carolina walianza kutumia wavu mkubwa unaorushwa kwa mizinga midogo juu ya kundi zima kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo bata mzinga aliokolewa na mzinga. Lugha yetu ilikuwa imetabiri bila kujua.

Missouri walianza kazi hiyo mwaka 1954. Mwaka 1960 walifungua msimu mfupi wa siku tatu, katika wilaya 14 tu, wakapatikana ndege 94. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 2019, tulipokuwa huko, walipatikana zaidi ya 30,000. Fedha za kazi hii zilitoka kwa wawindaji wenyewe, katika ada za vibali, na katika kodi ya bunduki na risasi iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1937. Lakini msidhani habari imekwisha vizuri tu. Tangu miaka ya 2000 ndege wamepungua tena katika majimbo mengi, Missouri likiwamo. Vifaranga wanaokua ni wachache. Jike hutaga chini, mayai kumi au kumi na mawili, huatamia siku 28, na kwa majuma mawili ya kwanza vifaranga hawawezi kuruka kwenda mtini; hulala chini ya mabawa ya mama yao penye mvua, mbweha na kila mwenye njaa.

Hapo ndipo sheria ya dume peke yake inapoeleweka. Dume moja hupanda majike mengi. Ukimtwaa dume baada ya majike kupandwa, mayai yaliyo kiotani hayapungui. Ukimtwaa jike, umetwaa kiota kizima. Vijana wetu watasema hili ni jambo la sayansi ya kisasa. Basi wafungue Kumbukumbu la Torati mlango wa 22, mstari wa 6 na wa 7, waone Musa aliwaagiza nini Waisraeli juu ya mtu aonaye kiota njiani, mama akiwa juu ya mayai au makinda.

Sisi tulikuwa tunaujua mlango ule, tena tumeufundisha. Lakini tulipokuwa walimu vijana chuoni, Jumamosi za masika tuliwaongoza wanachuo porini kutega kanga, wakati ambao kanga wako kwenye mayai. Tuliona ni elimu ya kujitegemea. Tulileta kanga jikoni, tulileta na mayai kwa kofia, na mkuu wa chuo akatusifu mbele ya wote. Hatukuwa na kibali, wala hatukuuliza. Siku zile jioni kando ya mashamba ya uwele ulisikia kanga pande zote, makelele yao kama mlango usiotiwa mafuta. Tumepita hapo mwaka juzi. Tulisimama mpaka giza likaingia, na hatukusikia hata mmoja. Si sisi peke yetu tuliowamaliza. Mashamba yameongezeka, na mkaa umechomwa. Lakini tulikuwamo.

Turudi Ozark, kwa kuwa hatujawaambia ndege alipatikana au hakupatikana. Alhamisi tulirudi kwenye mwaloni uleule, leso ikiwa ya rangi ya udongo. Dume lililia mtini, likashuka, lakini majike halisi yakalichukua, likaenda nayo. Tungekuwa sisi tungerudi kunywa chai. Mkwe akakaa. Alieleza kwamba karibu na saa nne majike huenda kwenye viota vyao na dume hubaki peke yake, na hapo ndipo husikiliza. Ikawa hivyo. Tuliona kwanza kichwa cheupe juu ya majani, kisha mkia umetandazwa kama ungo. Likaja likikokota mabawa chini, likisimama, likitazama. Mkwe alikuwa ameinua bunduki ya marisau juu ya goti. Hakupiga. Tulihesabu moyoni, labda dakika nne. Nyuma ya dume kulikuwa na jike ambalo sisi hatukuliona. Lilipopita na kutoweka, ndipo akapiga, hatua ishirini na tano.

Alipiga magoti, akaweka mkono juu ya ndege mpaka alipotulia kabisa, bila kusema neno. Kisha akatia alama kwenye kibali chake palepale, kama sheria itakavyo, na jioni kabla ya saa nne akapiga simu ya serikali kutoa taarifa. Uzito ulikuwa kilo 10. Nyama ya kifua ilikaangwa Jumapili. Mapaja ya ndege wa porini ni magumu, na wengi hawayapendi. Mmoja wetu aliyachemsha saa tatu, akayaunga kwa tui la nazi la kopo, na yule ndugu mwenye jicho moja akaongeza mara mbili.

Mwaka jana, mvua zilipoanza, tuliwaomba vijana wa mtaa wetu watuambie kila kiota cha kanga watakachokiona, bila kukigusa, nasi tukawaeleza kwa nini tunaomba, pamoja na habari za zile kofia zilizojaa mayai. Walileta habari za viota viwili. Kimoja kilikanyagwa na ng'ombe. Cha pili kilitotoa. Walihesabu vifaranga saba, na mwezi wa pili walikuwa watano.

Mkwe alitupa zawadi wakati wa kuagana: mifupa mitatu ya bawa la yule ndege, imesafishwa na kuunganishwa kuwa kama filimbi. Ni chombo cha wenyeji wa zamani wa Marekani. Hakipulizwi, hunyonywa kwa midomo, na sauti ya jike hutoka. Ilituchukua miezi kujifunza. Jirani yetu hapa anafuga bata mzinga mmoja, dume, aliyenunuliwa mnadani, hajawahi kuona jike tangu atoke kwenye yai. Asubuhi moja tulikinyonya chombo kile uani, mara tatu, taratibu, kama tulivyofundishwa. Kukawa kimya. Kisha ng'ambo ya ua, gobo-gobo-gobo! Watoto wa jirani walikuja mbio kutuambia kwamba amepanda juu ya banda, ametandaza mkia, na hataki kushuka.